Viwanda vya Korosho vya Masasi na Newala: Kujengwa, Kufungwa na Kufufuliwa

Swali moja huulizwa mara kwa mara katika madarasa ya siasa, hasa na vijana watokao mikoa ya Kusini. Ikiwa korosho inalimwa kwetu, na viwanda vya kuibangua vilijengwa kwetu, kwa nini korosho hiyo bado inapakiwa melini pamoja na maganda yake? Swali hili ni zuri, maana anayeuliza hivyo ameliona jambo kwa macho yake. Masasi na Newala amepita mbele ya majengo makubwa ya viwanda, na wazee wake wamemweleza kwamba kwa miaka mingi majengo hayo yalikuwa maghala tu.

Majibu yanayotolewa haraka ni mawili. La kwanza husema viwanda vilikufa kwa kuwa vilikuwa mali ya umma. La pili husema vilikufa kwa kuwa vilibinafsishwa. Majibu haya yanapingana, lakini yana upungufu mmoja: yote mawili yanatazama hati ya kumiliki jengo, wala hayautazami uzalishaji mali wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kiwanda ni uhusiano kati ya mkulima, mfanyakazi, malighafi, bei, fedha na soko. Uhusiano huo ukikatika jengo hugeuka ghala, hata likimilikiwa na nani. Kwa hiyo anayetaka kufufua kiwanda hana budi aanze kwa kuuchunguza uhusiano huo.

1. Mji wa Manchester ulikuaje?

Tangu shuleni tunafundishwa kwamba Manchester, huko Uingereza, ndio mama wa viwanda duniani. Ni vema kuuliza mama huyo alilelewaje. Pamba haioti katika baridi ya Lancashire, wala hakuna mkulima wa Manchester aliyewahi kuilima. Hata hivyo mji uliokuwa na watu wasiozidi 100,000 mwaka 1801 ulikuwa na watu zaidi ya 300,000 mwaka 1851, na kazi iliyowavuta ilikuwa pamba. Wanahistoria wa kibwanyenye hupenda kutusimulia habari za wavumbuzi na mashine zao, na za reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa mwaka 1830. Habari hizo ni za kweli. Lakini nyuma ya mashine yalikuwako mambo matatu ambayo ni lazima kada ayafahamu.

La kwanza ni ulinzi wa dola. Mwaka 1700, na tena mwaka 1721, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria za kuzuia vitambaa vya pamba vya India, ambavyo vilikuwa vizuri na vya bei nafuu kuliko vya Waingereza. Ubepari uliokuja baadaye kuihubiria dunia biashara huria ulikulia nyuma ya ukuta. La pili ni malighafi. Pamba ya Manchester ilitoka hasa katika mashamba ya Kusini mwa Marekani, ikilimwa na watumwa Waafrika. Ushahidi wa jambo hilo ulionekana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mwaka 1861 hadi 1865: pamba ilipokosekana, viwanda vya Lancashire vilifungwa na wafanyakazi wakaona njaa. La tatu ni soko. Dola ile ile iliyozuia nguo za Wahindi zisiingie Uingereza iliitawala India na kuifanya mnunuzi wa nguo za Uingereza. Hata pwani yetu haikusalimika. Baadhi ya kanga walizovaa bibi zetu zilichapwa Manchester.

Tena tusisahau aliyeilipia maendeleo hayo. Watoto na wanawake walifanya kazi kwa saa nyingi mno, mpaka sheria za mwaka 1833 na 1847 zikaanza kuzipunguza. Tarehe 16 Agosti 1819 askari wa farasi waliuvamia umati uliokusanyika Manchester kudai haki ya kuwakilishwa Bungeni, na watu wakauawa. Friedrich Engels, aliyefika mjini humo mwaka 1842, alichapisha kitabu chake juu ya hali ya tabaka la wafanyakazi wa Uingereza mwaka 1845. Aliyoyaandika aliyaona mitaani.

Biashara ya nguo za pamba za Lancashire ilifika kilele chake mnamo mwaka 1913. Baada ya hapo India ilishona nguo zake yenyewe, Japani ikaingia sokoni, na viwanda vya Manchester vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Mwaka 1982 gati za Salford, zilizokuwa bandari ya mji huo, zilifungwa kabisa. Kisha ukaja wakati wa kuufufua mji. Viwanda na maghala ya zamani yaligeuzwa nyumba za kupanga, hoteli na ofisi, na mwaka 2002 mji uliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wanaosifu kazi hiyo wana haki ya kuisifu. Lakini izingatiwe kwamba Manchester haikufufuliwa kama mji wa pamba. Ilibadilishiwa kazi, kwa nguvu ya mali iliyolimbikizwa kwa karne mbili na kwa fedha ya dola tajiri.

Masasi na Newala haziwezi kufufuka kwa njia hiyo. Sisi hatuna ulimbikizaji wa karne mbili wa kutumia. Ila tunacho kitu ambacho Manchester haikuwa nacho hata siku moja, yaani malighafi iliyo mlangoni pa kiwanda. Ndiyo sababu historia yetu inahitaji kusomwa kwa macho yetu wenyewe.

2. Mkorosho kabla ya kiwanda

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa. Mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la mto Ruvuma chini yake, na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya milima ya mawe. Juu ya uwanda mvua hunyesha ikazama mchangani, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Katika mchanga huo mkorosho unastawi, kwa kuwa mizizi yake huenda mbali. Mti wenyewe asili yake ni Brazil, na uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16.

Ukoloni haukukusudia kujenga viwanda Kusini. Uliiona sehemu hiyo kuwa ghala la nguvu kazi, na maelfu ya vijana wa Kimakonde walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya walowezi, wakaitwa manamba. Mradi mkubwa wa kwanza uliofika huko ulikuwa mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947. Nia yake ilikuwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa Nachingwea, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na baadaye tawi lake likafika Masasi. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, ilibaki. Reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mashine ililetwa kabla ya udongo kupimwa, na mkulima wa mahali pale hakuulizwa lolote. Wakati huo huo, bila trekta wala mkopo, mkulima huyo alikuwa anapanda mikorosho yake pamoja na mihogo na kunde. Alikuwa amekwisha kuona kwamba mti huu unavumilia ukame, unamlisha na unauzika. Korosho zake zilinunuliwa na wachuuzi, zikapelekwa India, na huko Kollam zikabanguliwa kwa mikono ya wanawake maskini kama yeye. Kisha ziliuzwa Marekani na Ulaya kwa bei ambayo mkulima wa Newala hakuijua.

Korosho iliongezeka mwaka hadi mwaka. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna karibu tani 145,000, na pamoja na Msumbiji tukawa miongoni mwa wakulima wakubwa kabisa wa korosho duniani. Malighafi hiyo yote ilijengwa kwa jembe la mkono.

3. Viwanda vikubwa, korosho chache

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa jambo la haki kabisa kwa Taifa kudai kwamba korosho ibanguliwe hapa. Kiwanda kikubwa cha kwanza kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965 kwa ubia na Waitalia. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Korosho. Kisha ikapatikana mikopo ya Benki ya Dunia, ya mwaka 1974 na ya mwaka 1978, pamoja na mitambo kutoka Italia na Japani. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwako viwanda kumi na viwili: viwili Dar es Salaam, na vingine Kibaha, Kilwa Masoko, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Masasi na Likombe mjini Mtwara. Newala peke yake ilipewa viwili. Vyote kwa jumla viliweza kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka.

Karatasini hesabu ilikuwa sawa. Nchi inavuna tani 145,000, basi ijenge uwezo wa tani 113,000. Lakini wakati zege likimwagwa, mavuno yalikuwa yakiporomoka. Msimu wa 1986/87 zilipatikana korosho chini ya tani 20,000 nchi nzima. Hata kama kila punje ingepelekwa viwandani, mitambo ingefanya kazi chini ya moja ya tano ya uwezo wake. Viwanda vingine vilifanya kazi kwa muda mfupi tu, na vingine havikupata kufanya kazi ya maana.

Sababu za kuporomoka zilikuwa kadha, nazo zilishikana.

Kwanza, makazi. Kusini mwa nchi vijiji vilianza mapema, na sababu mojawapo ilikuwa ya ulinzi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza mwaka 1964, na Wareno waliishambulia mipaka yetu ng'ambo ya Ruvuma. Baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa wananchi wote. Faida za shule, zahanati na maji zinajulikana. Ila mkorosho hauhamishiki. Mkulima aliyehamishiwa barabarani aliacha miti yake mbali, palizi ikawa ya shida, pori likakua chini ya miti na moto ukaingia.

Pili, bei. Sehemu ya bei ya soko la dunia iliyomfikia mkulima iliendelea kupungua, wakati gharama za mamlaka na za usafirishaji zikipanda. Mkulima hakugoma kwa maandamano. Aligoma kwa kutookota korosho.

Tatu, ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na chombo ambacho mkulima angeweza kukitumia kubishania bei kikaondoka. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982.

Nne, ugonjwa. Mwaka 1979 ulitambuliwa ugonjwa wa ubwiriunga, ambao hufunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, maua yakakauka kabla ya kuzaa. Katika mashamba yaliyosongamana na kukosa palizi ugonjwa huo ulistawi.

Tano, mitambo yenyewe. Mashine zilizoagizwa zilivunja sehemu kubwa ya kokwa, na korosho iliyovunjika haipati bei ya korosho nzima. Wanawake wa Kollam, kwa nyundo ndogo na kijiti, walitoa korosho nzima nyingi zaidi kuliko mtambo wa mamilioni. Tena kila kipuri kilihitaji fedha za kigeni, na baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha hizo hazikuwako. Lakini deni la mitambo liliendelea kuhesabiwa.

Tukiyaweka pamoja mambo haya tunaona kwamba kosa halikuwa kutaka viwanda. Kiwanda kilipangwa peke yake, kana kwamba mti, mkulima na bei ni mambo ya idara nyingine.

4. Ubinafsishaji na somo la Msumbiji

Katika miaka ya 1990 upepo uligeuka. Biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na viwanda vikauzwa, vingi vikiwa vimekwisha kaa miaka bila kazi. Ilitarajiwa kwamba mwenye mali binafsi atakuwa na uchungu nayo kuliko mtumishi wa mamlaka. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wengi walioingia katika biashara hiyo walikuwa wanunuzi wa korosho ghafi kwa ajili ya soko la India. Kwa mtu wa namna hiyo, ukumbi mkubwa wenye sakafu kavu na barabara ya lori una thamani zaidi kama ghala kuliko kama kiwanda. Hivyo jengo lililojengwa ili korosho ghafi isiondoke likawa mahali pa kuihifadhi korosho ghafi ikisubiri kuondoka. Aliyefanya hivyo hakuwa mwendawazimu. Alifuata faida mahali ilipo, kama ubepari unavyofanya siku zote.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda kwa ukali zaidi. Msumbiji ilikuwa na viwanda vinavyofanya kazi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa masharti ya Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi uliokuwa ukivilinda viwanda hivyo. Mabenki yalidai kwamba mkulima atafaidika kwa bei. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi, na faida aliyoipata mkulima ikawa ndogo. Miaka ile ile India iliendelea kuvilinda viwanda vyake. Mwanafunzi wa siasa aziweke habari hizi karibu na zile sheria za Uingereza za mwaka 1700 na 1721, kisha aseme anaona nini.

5. Mti ulifufuka kwanza

Kilichofufuka Kusini kilikuwa mkorosho. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walionyesha kwamba ubwiriunga unazuilika kwa kupulizia salfa, kwa palizi, na kwa kupunguza miti iliyosongamana, nao wakazalisha miche bora. Bei ilipoanza kuvutia, mkulima alirudi shambani. Msimu wa 1999/2000 mavuno yalizidi tani 100,000.

Lakini bei ilibaki mikononi mwa wengine. Mkulima asiye na fedha ya salfa wala ya ada ya shule huuza kabla ya msimu kwa mchuuzi, kwa kipimo cha bakuli kinachoitwa kangomba. Korosho inakuwa ya mchuuzi ingali mtini. Ili kukomesha jambo hilo ulianzishwa mfumo wa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005, na ulianza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, inapimwa, inawekwa katika ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Vyama vikuu vya TANECU, kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU, kwa Masasi na Mtwara, vikawa na kazi kubwa mno. Mfumo uliinua bei, ingawa haukukosa matatizo. Mwaka 2013, huko Liwale, wakulima waliokuwa wakidai sehemu ya malipo yao walifanya fujo na nyumba zikachomwa moto. Hiyo ni ishara kwamba ushirika usiotoa hesabu hugeuka kuwa adui machoni pa mwanachama wake.

Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 310,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha mwaka 1974. Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ya chini na wakulima wakakataa kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Mkulima aliona kwamba dola inaweza kumsimamia. Kisha akaona jambo la pili. Nchi iliyokuwa na korosho mkononi haikuwa na viwanda vya kuibangua, wala njia yake ya kulifikia soko. Mkataba wa kuuza tani 100,000, uliotiwa saini Januari 2019, haukutekelezwa. Korosho zilikaa maghalani na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Bei nzuri isiyo na kiwanda nyuma yake haikuweza kujitegemea.

Mwaka huo huo wa 2018 ulizuka mjadala mkali Bungeni juu ya ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ya ushuru huo ilitengwa kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe, na Wabunge wa Kusini walitaka ibaki hivyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliuelekeza ushuru wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ushuru huo ndio ukuta wetu mdogo, na ni muhimu kujua mawe yake yanapelekwa wapi.

6. Mkinzano ulio ndani ya korosho yenyewe

Sasa tufike kwenye kiini. Katika misimu mingi zaidi ya asilimia 80 ya korosho yetu imeuzwa ghafi, India na Vietnam. Kokwa ni kama robo ya uzito wa korosho ghafi, au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba katika kila tani 100 zinazopakiwa bandarini Mtwara, tani 75 hivi ni maganda. Tunalipia nauli ya maganda kuvuka bahari, na pamoja na maganda tunasafirisha ajira ya kuyapasua na mafuta yake yanayotumika viwandani.

Kwa nini basi viwanda havishindi? Makada wengi hukwepa kulisema jambo hili wazi: mkulima anataka korosho ghafi ipande bei, na mwenye kiwanda anataka ishuke. Huo ni mkinzano wa kweli, na hauondolewi kwa hotuba. Tena msimu wetu ni mfupi, Oktoba hadi Januari hivi. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima kinalazimika kununua mzigo wa mwaka mzima katika miezi hiyo michache, kwa mkopo wa riba kubwa, mnadani pamoja na mnunuzi wa Vietnam. Mnunuzi huyo hukopa kwa riba ndogo, na korosho yetu ikimwishia hununua ya Afrika Magharibi, inayovunwa baada ya yetu. Mwenye kiwanda wa Newala akishindwa mnadani hufunga mlango. Akishinda kwa bei ya juu hutafuta pa kufidia, na pa kwanza anapopaona ni ujira wa mwanamke anayebangua, anayelipwa kwa kilo huku mafuta ya ganda yakimchubua vidole.

Ni kama Lancashire, tofauti ikiwa kwamba bepari wa Lancashire alikuwa na dola, malighafi ya watumwa na soko la makoloni. Sisi hatuwezi, wala hatutaki, kujenga viwanda kwa njia hiyo. Hatuna koloni la kulinyonya, na tukiviendesha viwanda kwa kumpunja mkulima au mbanguaji tutakuwa tumewafanya wananchi wetu wenyewe koloni la ndani.

Njia inayobaki ni kuunganisha mkulima na kiwanda viwe upande mmoja. Hilo linaanza kuonekana. TANECU imejenga kiwanda chake cha kubangua Newala, na pameanzishwa eneo la viwanda vya korosho Maranje, Nanyamba. Tangu msimu wa 2024/25, ambao mavuno yake yalizidi tani 500,000, minada inafanywa kwa mtandao na bei inaonekana wazi. Mkulima mwanachama wa ushirika wenye kiwanda akiuza korosho ghafi kwa bei ya wastani, na baadaye akarudishiwa sehemu ya faida ya kokwa, mkinzano tuliouelezea unalegea, kwa kuwa aliye shambani na aliye kiwandani wanagawana kapu moja. Lakini asipoona marejesho hayo kwa macho yake, atauza kwa kangomba, na kiwanda cha ushirika kitakosa korosho sawa na vile vya miaka ya 1980.

7. Kazi ya kada

Kada anayepelekwa Masasi, Newala au Tandahimba atakaribishwa kwenye uzinduzi wa viwanda. Ataona utepe, vibao na mitambo mipya. Hayo ayafurahie, kisha aulize maswali manne. Korosho ya miezi kumi na miwili imenunuliwa kwa fedha ya nani na kwa riba gani? Mkulima alilipwa kiasi gani, na lini? Mbanguaji anapata nini kwa siku, na mikono yake inakingwa na nini? Ushuru wa korosho ghafi iliyotoka nje msimu uliopita umerudi Kusini kwa sura gani?

Majibu yatafutwe katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, daftari la ghala likiwa mezani na wanachama wakiwa na haki ya kulisoma. Kule ndiko wanakojua ni nani aliyeuza kwa bakuli mwezi Agosti, na kwa nini. Kiwanda ambacho wanachama wake wanaweza kuyajibu maswali hayo manne kwa tarakimu kimekwisha anza kufufuka. Kile ambacho majibu yake yanajulikana na meneja peke yake kitapendeza siku ya uzinduzi, na baada ya misimu michache kitapangishwa kama ghala.